Teksi isiyo na dereva ikivunja sheria barabarani, anaandikiwa nani?

Mshale_Mwekundu (mleta mada)

Wakuu, habari za humu. Nina swali kwa wanaojua sheria na kwa wanaoijua mitambo yenyewe.

Septemba 2025 polisi wa San Bruno, California, walikuwa kwenye msako wa madereva walevi. Teksi ya Waymo, kampuni ya teksi zisizo na dereva, ikageuza kwenye taa, mbele ya macho yao, mahali ambapo kugeuza kumekatazwa. Wakaiwashia taa, ikatii, ikasimama. Kuchungulia ndani, hakuna mtu. Wakaishia kuiarifu kampuni na kuiachia iende, kwa maelezo kwamba kitabu chao cha kuandikia makosa hakina nafasi ya roboti.

Ninayotaka kuelewa ni haya. Kisheria mkosaji ni nani: mwenye gari, aliyetengeneza programu, mwenye aplikesheni iliyoita gari, au yule anayeangalia skrini ofisini? Faini ya dola mia itaishtua vipi kampuni yenye magari maelfu? Na kama kamera zote ni za kampuni, mtu wa nje anathibitishaje kosa? Naomba majibu yenye nyama, siyo "teknolojia bado changa".

---

Kanuni_na_Kifungu

Mkuu, tuanze na kutenganisha vitu. Kuna kosa linalofuata namba ya gari na kuna kosa linalomfuata aliyeshika usukani.

Kuegesha vibaya kunafuata namba. Haijalishi nani aliliacha pale, mwenye gari aliyesajiliwa analipa. Hapo teksi hizi hazijawahi kuwa na kinga yoyote: mwaka 2024, San Francisco peke yake, Waymo iliandikiwa makosa ya maegesho 589 yenye faini za jumla ya dola 65,065. Kupita taa nyekundu, kugeuza palipokatazwa au kutompisha mtembea kwa miguu ni makosa ya dereva. Askari anahitaji mtu wa kumkabidhi karatasi na kumwekea sahihi. California kwa muda mrefu hata kamera ya taa nyekundu ilitakiwa ipate sura ya dereva, siyo namba pekee, kwa hiyo huko kamera nayo haikuziba pengo.

Pengo hilo si la dunia nzima. Texas ililiziba tangu 2017: sheria yao inasema mmiliki wa mfumo wa kujiendesha ndiye anahesabiwa kuwa mwendeshaji linapokuja suala la kutii sheria za barabarani, awe ndani ya gari au asiwe. Zingatia, ni mmiliki wa *mfumo*. Austin unaita Waymo kupitia aplikesheni ya Uber, gari lenyewe ni Jaguar, lakini kwa kosa la barabarani anayetafutwa ni mwenye mfumo unaoendesha. Arizona tangu 2021 inaruhusu mmiliki wa gari linalojiendesha kikamilifu aandikiwe kosa. Shenzhen, China, kanuni zilizoanza Agosti 1, 2022 zinasema gari lisilo na dereva likikosa, polisi wanashughulika na mmiliki au msimamizi wake. Baadaye yeye akiona kosa limetokana na ubovu wa mfumo, amgeukie mtengenezaji wakamalizane.

California walikuja na sheria iitwayo AB 1777, iliyotiwa sahihi Septemba 2024 na kupangiwa kuanza Julai 1, 2026. Inampa askari uwezo wa kutoa "notisi ya kutotii" kwa mtengenezaji. Watu wengi wanaiita faini, na wanakosea. Notisi haina kiasi cha pesa. Inaishia kwenye idara ya magari ya jimbo, DMV, ambayo ndiyo inashika kibali cha kampuni na inaweza kukibana, kukisimamisha au kukifuta. Sheria hiyo hiyo inadai gari liwe na njia ya mazungumzo ya pande mbili ili askari au zimamoto aongee na mtu wa kampuni, na kikosi cha dharura kikituma agizo la kufunga eneo, kampuni iyaelekeze magari yake yaondoke au yalikwepe ndani ya dakika mbili.

Angalizo dogo kabla sijaendelea. Haya yote ni ya magari yasiyohitaji mtu kabisa. Gari linalojiendesha huku mtu amekaa usukanini akitakiwa kuwa macho muda wote, hata lipambwe kwa jina gani, faini ni ya huyo mtu.

---

laida_na_kamera

Niongezee upande wa mitambo, maana bila huo hamtaelewa kwa nini faini moja moja haisaidii sana.

Gari likivunja sheria, chanzo huwa mojawapo ya sehemu nne. Halikuona (taa imezibwa na lori, jua limepiga kwenye lenzi). Liliona likatafsiri vibaya (mkono wa askari, kibao cha muda cha ujenzi kinachopingana na ramani). Ramani ilikuwa imepitwa na wakati. Au liliona kila kitu sawasawa, na mpangilio wake wa maamuzi ukachagua kufanya hivyo. Hili la nne ndilo linalonivutia, kwa sababu hapo hakuna hitilafu yoyote. Kuna namba ambayo mhandisi aliiweka.

Chukua taa ya njano ya sekunde 3, gari lina kilomita 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde. Mfumo unachukua nusu sekunde kuamua, mita 8 zimeshaenda. Kwa breki laini isiyomrusha abiria, tuseme mita 3 kwa sekunde kwa sekunde, linahitaji mita 46 nyingine. Jumla karibu mita 55. Lakini ndani ya zile sekunde 3, kwa mwendo huo huo, linakwenda mita 50 tu. Kwa hiyo njano ikiwaka gari likiwa mita 52 kutoka kwenye mstari, haliwezi kusimama kwa breki laini na haliwezi kuuvuka mstari kabla ya nyekundu. Litapita nyekundu kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde.

Suluhisho? Ruhusu breki ya 3.2 badala ya 3. Hapo linasimama. Au lipunguze mwendo mapema likikaribia taa ambayo imekaa kijani muda mrefu. Maana yake ni kwamba "kosa" lile lilikuwa uchaguzi kati ya raha ya abiria na sheria, na uchaguzi huo umo kwenye kila gari la kampuni, kila makutano, kila siku, mpaka programu ibadilishwe. Dereva binadamu ukimwandikia, umemrekebisha mtu mmoja. Hapa ukiandika notisi moja ikamfikia mtu sahihi, unarekebisha magari yote. Ikiishia mezani kwa mhasibu, akalipa na kufaili, hujarekebisha hata moja.

Ndiyo maana kwangu kitu cha maana kuliko kiasi cha faini ni namba ya toleo la programu. Notisi isiyotaja gari lilikuwa linaendesha toleo gani haiwezi kuunganishwa na notisi nyingine kumi za kosa lile lile.

---

Ngumu_Kumeza

Wakuu mnazunguka mbuyu. Kila kosa faini dola elfu hamsini, uone kama hazitatulia ndani ya wiki. Mbona binadamu hatuulizwi toleo letu la programu?

---

Kanuni_na_Kifungu

@Ngumu_Kumeza faini nono ina ladha yake, lakini angalia kisa cha Cruise, kampuni nyingine ya teksi zisizo na dereva, uone ni kitu gani hasa kiliuma.

Oktoba 2, 2023, San Francisco, mwanamke anavuka barabara anagongwa na gari lililokuwa na dereva binadamu, anarushwa mbele ya teksi ya Cruise. Teksi inamgonga, inasimama. Kisha mfumo wake unaamua kwamba baada ya ajali inapaswa kusogea pembeni, na unamburuta karibu mita 6 akiwa chini ya gari. Kampuni ikawaeleza wadhibiti habari za kugonga na kusimama, lakini sehemu ya kuburuta haikuelezwa inavyostahili. Oktoba 24 DMV ikasimamisha vibali.

Sasa tazama pesa. Tume ya huduma za umma ya California: dola 112,500. Wakala wa usalama barabarani wa serikali kuu, NHTSA: dola milioni 1.5. Kesi ya jinai ya kutoa ripoti ya uongo: dola 500,000. Zote hizo zilikuja mwaka 2024, na kwa kampuni inayofadhiliwa na General Motors ni hela ya kawaida. Kilichoitoa roho ni kibali. Magari yaliegeshwa, imani ikaondoka, na Desemba 2024 GM ikatangaza kuacha kufadhili biashara ya teksi za Cruise.

Na ona adhabu zililenga nini: zaidi ya kugonga, zililenga kuficha. Waingereza wamelichukua hilo kwenye Sheria ya Magari Yanayojiendesha ya 2024. Kumdanganya mdhibiti au kumnyima taarifa ya usalama ni jinai, na inaweza kumfika meneja wa ngazi ya juu yeye binafsi. Kwa makosa ya uendeshaji wenyewe, aliyekaa kwenye gari hashitakiwi wakati mfumo ndio unaoendesha. Anabanwa mwenye idhini ya mfumo, na kwa gari lisilo na mtu kabisa anakuwepo mwendeshaji mwenye leseni. Mdhibiti anaweza kumpa amri ya kurekebisha, kumpiga faini, au kuisimamisha idhini.

Kuhusu faini kubwa kwa kila kosa, ubaya wake ni kwamba unamfundisha mwenye data kutokuitafuta. Kampuni inayojigundulia makosa mia na kuyaripoti isilipe zaidi ya ile iliyofumba macho.

---

Mshale_Mwekundu

Asanteni sana. Lakini @laida_na_kamera umesema notisi ikifika mahali sahihi magari yote yanarekebishwa. Kuna ushahidi wowote wa hilo, au ni nadharia?

---

laida_na_kamera

Upo, na pia upo wa kinyume chake, kwenye kisa kimoja: mabasi ya shule.

Marekani basi la shule likisimama na kutoa mkono wenye alama ya kusimama na taa nyekundu zikimetameta, magari yote yanatakiwa yasimame. Mwaka 2025 teksi za Waymo zilirekodiwa zikiyapita mabasi hayo Atlanta na Austin. NHTSA ikafungua uchunguzi Oktoba. Mamlaka ya shule za Austin ina kamera kwenye mabasi yake, kwa hiyo haikuhitaji kuiomba kampuni kitu. Ilikuwa inajikusanyia makosa, kila moja na video yake. Kampuni ikasasisha programu. Kamera zikaendelea kunasa makosa mapya baada ya sasisho. Desemba 2025 Waymo ikafanya urejeshaji rasmi uliohusu magari zaidi ya 3,000, kwa maana ya programu. Hakuna gari linalopelekwa gereji.

Faini za yale makosa hazikuwa na uzito wowote. Kilichosukuma mambo ni mtu wa tatu mwenye kamera zake, makosa ya aina moja yaliyowekwa pamoja, na tarehe zilizoonyesha kwamba marekebisho ya kwanza hayakutosha. Bila tarehe za makosa ya baada ya sasisho, jibu lingekuwa "tumeshalitatua".

Kwa nini sasisho la kwanza linaweza lisitoshe? Kwa sababu basi lililosimama si picha moja. Kuna basi la upande wa pili wa barabara yenye kisiwa katikati (majimbo yanatofautiana kama hapo unasimama au hupaswi), kuna mkono uliofichwa na gari la mbele, kuna teksi iliyosimama vizuri ikasubiri, halafu ikadhani basi limeharibika na kulizunguka. Kila hali ni jaribio lake.

Na kuna shimo ambalo watu hawalioni. Marekani agizo la NHTSA la mwaka 2021 linazitaka kampuni hizi ziripoti *ajali*. Kupita basi la shule bila kumgusa mtoto si ajali. Kupita nyekundu bila kugonga si ajali. Hayaingii kwenye takwimu zile kabisa, kwa hiyo anayekuletea hesabu ya ajali kwa kilomita milioni kama jibu la swali la kutii sheria, amejibu swali jingine.

---

Zamu_ya_Usiku

Kuna mtu mmoja kwenye swali la mleta mada hajajibiwa: yule anayeangalia skrini ofisini. Huyo msimwonee.

Kwenye mifumo mingi hashiki usukani wa mbali. Gari likikwama linauliza: "njia imefungwa, nipite kushoto?" Anatazama kamera, anajibu ndiyo au anachora njia, na gari ndilo linaloamua lini na kwa mwendo gani. Sababu ni ya kimtandao. Ucheleweshaji wa sekunde 0.3 tu kwa kilomita 50 kwa saa ni mita 4 ambazo gari limeshaenda kabla picha haijamfikia aangalie. Huwezi kuendesha hivyo mjini. Kwa hiyo akijibu vibaya na gari likaingia njia isiyo yake, kosa lina wenyewe wawili: aliyejibu, na mfumo uliokubali jibu bila kulipima dhidi ya sheria.

Wajerumani wamelinyoosha hili kwa sheria yao ya 2021. Kila gari linalojiendesha bila dereva linatakiwa liwe na "msimamizi wa kiufundi", na lazima awe binadamu. Majukumu yake yameandikwa: kulizima gari, kuidhinisha mwendo ambao gari limependekeza, kuwasiliana na abiria. Mmiliki analazimika kuwa na bima inayomhusu msimamizi huyo pia. Huwezi kumtupia lawama ambazo hazimo kwenye orodha yake.

Pasipo na orodha ya namna hiyo hutokea kama Tempe, Arizona, Machi 18, 2018. Gari la majaribio la Uber lilimuua mtu aliyekuwa akivuka barabara na baiskeli. Mwendesha mashtaka hakuona msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Aliyeshtakiwa ni mtu aliyekaa ndani kama dereva wa usalama. Alikiri kosa mwaka 2023 akapewa miaka mitatu ya uangalizi. Alikuwa na uzembe wake, ndiyo. Lakini walioizima breki ya dharura ya kiwandani kwenye lile gari hawakuwa yeye.

Abiria naye, kwa haraka: haandikiwi kosa la uendeshaji. Anabaki na ya kwake, kama mkanda na kufungua mlango mbele ya mwendesha baiskeli.

---

Mshale_Mwekundu

Nimewasoma wote. Limebaki la ushahidi. Mtu wa kawaida ameona teksi imepita nyekundu. Afanye nini hasa, kwa mpangilio?

---

laida_na_kamera

Cha kwanza usijitose mbele yake kuisimamisha. Inaweza kusimama na kufunga barabara, na hapo wewe ndiye unakuwa kosa.

Andika saa hadi sekunde, na hakikisha simu inajipangia saa yenyewe kwa mtandao. Hii inashinda picha nzuri. Kumbukumbu za gari zimepangwa kwa saa inayohesabu hadi sehemu ndogo kabisa za sekunde, lakini data ghafi ya laida (kihisi kinachopima umbali kwa miale ya leza) na kamera ni nzito mno, haitunzwi yote. Kinachobaki kwa uhakika ni vipande vilivyowekewa alama: mgongano, breki kali, simu ya kuomba msaada. California inalazimisha kutunza angalau sekunde 30 za kabla ya mgongano, kwa miaka mitatu. Kosa lisilo na mgongano halina ulinzi huo. Gari lililopita nyekundu kwa utulivu, likidhani ni kijani, halikujiwekea alama yoyote, maana kwa akili yake hakuna kilichotokea. Ndiyo maana wahi.

Kisha namba ya gari na ile namba ya utambulisho ya kampuni iliyobandikwa ubavuni kama ipo, makutano, upande lilikotoka na lilikoelekea, njia lililokuwamo. Kama una kamera ya dashibodi, tunza faili lenyewe na usilipitishe kwenye mtandao wa kijamii kwanza. Likibanwa linapoteza tarehe na maelezo yake. Picha pana inayoonyesha taa na gari kwa pamoja ina thamani kuliko picha ya karibu ya gari peke yake.

Peleka sehemu mbili kwa wakati mmoja: kwa kampuni, ukidai namba ya shauri na ukiwataka kwa maandishi waitunze data ya dakika moja kabla na moja baada ya saa uliyoitaja, na kwa mamlaka inayotoa kibali. Polisi wa kawaida kama hawana fomu yake wataishia kukusikiliza tu.

---

Kanuni_na_Kifungu

Nakazia hapo kwenye barua ya kutunza data, kwa sababu watu huiandika vibaya. Usiombe "video". Wakikutumia video utaona taa nyekundu, na hilo ulishalijua. Taja kwa majina: toleo la programu lililokuwa likiendesha, toleo la ramani, gari liliisoma taa kuwa rangi gani na kwa uhakika kiasi gani, uamuzi uliotolewa, na kama kulikuwa na maelekezo yoyote kutoka kituo cha mbali. Wewe huenda usipewe hata kimoja kati ya hivyo, wana haki zao za siri za biashara. Mdhibiti ndiye ataviomba, na barua yako yenye tarehe inawanyima kisingizio cha kwamba vilifutika kabla hawajajua vinahitajika.

---

Ngumu_Kumeza

Sawa, nimeelewa habari ya kibali. Lakini bado nataka waandikiwe na faini.

---

Kanuni_na_Kifungu

Waandikiwe mkuu, hakuna aliyekataa. Iandikwe tu kwa jina la mwenye mfumo, na nakala iende kwa anayeshika kibali.